Je, mwanga unaua bakteria sugu?

Swali: Dokta, kaka yangu alipigwa risasi mguuni. Kidonda kinatoa usaha, antibiotiki tatu zimeshindwa. Nasikia kuna tiba ya mwanga. Tukianike juani? – Msomaji, Himbi, Goma

Jibu: Poleni sana, dada. Juani, hapana. Tiba uliyoisikia ipo kweli: kidonda hupakwa rangi kama methilini bluu, kisha humulikwa kwa taa nyekundu. Rangi ikipata mwanga huichochea oksijeni iliyo karibu, nayo hutoboa utando wa bakteria na kuharibu vilivyomo. Kwa kuwa hushambulia sehemu nyingi kwa pamoja, bakteria hupata shida kujijengea usugu. Mtafiti Oscar Raab wa Munich alichapisha habari za nguvu hii ya rangi na mwanga mwaka 1900: rangi ya akridini iliua viumbe vidogo vya majini palipokuwa na mwanga.

Lakini mwanga huo hupenya milimita chache tu. Usaha uliojificha mfupani hauguswi. Kwa jeraha la risasi, upasuaji hutangulia: kuondoa nyama iliyokufa na vipande vya mfupa. Mpelekeni Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako madaktari wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wamewapasua majeruhi wengi wa vita. Na ombeni usaha upimwe maabara kabla hajameza antibiotiki ya nne.