Usile Ukaondoka, Mdogo Wangu

Mwaliko umeupata: chakula cha mchana cha wafanyabiashara, ukumbi wa hoteli, na mzungumzaji ni mkuu wa chuo cha ufundi. Najua kinachokukosesha usingizi. Nguo. Halafu wale wenye makampuni watakuonaje wewe na karakana yako ya samani. Sogea hapa tuongee.

Wengi wenu mkialikwa huenda kwa mawili, bafe na picha. Mzungumzaji akishasema "itifaki imezingatiwa", simu zinatoka mfukoni, macho yanahamia kwenye masufuria ya kuku. Sikulaumu, hotuba zetu nazo hujua kurefuka. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa utaponaje, mdogo wangu, kama hukumsikiliza?

Nikuambie jambo ambalo hutalisikia jukwaani: yule mkuu wa chuo ana shida na wewe kuliko wewe ulivyo na shida naye. Ana vijana wanaotakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo, wanazunguka mjini na barua za chuo, walinzi wanawarudisha getini. Wewe mwenye randa na msumeno unaofanya kazi kila siku, unacho anachokitafuta. Basi usijikunyate kwenye kiti cha nyuma kama uliyeingia bila kadi.

Nawe una haki zako. Huku Tanzania Bara, ukishafikisha wafanyakazi kumi unalipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, na inatoka kwako mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wa mtu. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5. Sehemu ya fedha hiyo ndiyo huenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Nawaona mnalipa huku mnalalamika, kisha mkikutana na mtu wa chuo mnamuuliza habari za mvua! Muulize mbona wahitimu wanakuja hawajui kusoma mchoro, na wewe utasaidiaje.

Tena una yule fundi wako hodari aliyejifunza mtaani, hana cheti hata kimoja, na kila zabuni ikidai vyeti unamficha. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi anapimwa kwa anachokijua, akifaulu anapewa cheti. Kwenye maswali simama, taja jina na kazi yako, uliza hilo, ukae. Ukae, nimesema. Kuna watu wakipewa kipaza sauti huanza na historia ya ukoo wao, ukumbi mzima unaguna. Sauti ikitetemeka mwanzoni, iache itetemeke, hakuna atakayeikumbuka jioni.

Kuna aibu moja sitaki kukusikia nayo. Usimbane mzee wa watu kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, ukimwombea nafasi mtoto wa shangazi. Atatabasamu, naam, lakini kuanzia hapo kila akikuona atajua unataka upendeleo, na lile swali lako zuri litakuwa limeoza. Mtoto wa shangazi ajaze fomu kama wenzake.

Ukikubali kupokea wanafunzi, usiwafanye watu wa kutumwa chai na vocha. Wana midomo. Watarudi bwenini wasimulie, na mwaka ujao wale wenye akili hawatakuja kwako, utaletewa waliokosa kwingine, uanze tena kulalamika.

Jumatatu asubuhi piga simu ofisini kwa mkuu wa chuo, uongee na katibu muhtasi, maana barua hupita kwake. Mtajie idadi ya vijana, mwezi, na kazi watakayoifanya. Halafu mwambie mapema fundi wako mkubwa, tena kwa upole, kwa sababu yeye ndiye atakayeshinda nao kutwa. Akinuna yeye, watoto wa watu watafagia vumbi la mbao hadi siku zao ziishe.