Baada ya Dhiki Faraja. Na Baada ya Faraja?



Ndugu zangu katika imani, karibu kila darsa inayohusu mitihani ya maisha huishia kwenye methali tunayoijua sote: baada ya dhiki, faraja. Ni maneno ya kweli. Lakini leo nawaomba tusome Surat Adh-Dhuhaa, sura ya 93, kwa sababu inatupeleka hatua moja mbele ya methali hiyo. Inatuuliza: ukishaipata faraja, umekuwa mtu wa namna gani?

Swali hilo lilinikuta mimi mwenyewe, na halikunikuta mahali pazuri.

Nilipokuwa mwaka wa pili, baba yangu alipata kiharusi. Alikuwa na kibanda cha nguo sokoni Arua, na kibanda hicho ndicho kilichokuwa kikinilipia karo. Katika miezi mitatu bidhaa zote ziliishia kwenye dawa. Wiki ya mitihani ilipofika sikuwa na kibali cha kuingia chumba cha mtihani. Nikaenda ofisini kuomba niongezewe muda. Niliyemkuta hakuinua hata macho. Aliniambia nisimcheleweshe, nyuma yangu kuna foleni.

Nilikaa nyumbani mwaka mzima. Asubuhi nilibeba magunia ya mahindi ghalani, jioni nikimwogesha baba na kumgeuza kitandani. Usiku nilisali na kulia. Hatimaye mjomba alipata kidogo, akanilipia, nikarudi chuoni. Wenzangu wakawa wanasema mitihani imenikomaza, na mimi nikaamini.

Muhula uliopita kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata msikitini baada ya Alasiri. Alitaka kujua barua ya kuomba kuongezewa muda wa karo inaandikwaje. Nilikuwa na kazi ya kuwasilisha jioni ile. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kila mtu ana shida zake. Kasome matangazo ubaoni." Akasema, "Samahani kaka," akachukua viatu vyake, akaondoka.

Siku mbili baadaye mwalimu wetu wa tafsiri akafika kwenye Surat Adh-Dhuhaa.

Sura ilishuka katika hali gani?

Hii ni sura ya Makka yenye aya 11. Wahyi ulikuwa umekatika kwa muda. Katika riwaya iliyomo kwenye Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) alikuwa mgonjwa na hakuweza kusimama kwa ibada usiku kwa siku mbili au tatu, na mwanamke mmoja akamkejeli kwamba ameachwa. Mwenyezi Mungu akaiteremsha sura hii. Akaapa kwa mwangaza wa asubuhi, akaapa pia kwa usiku unapotulia, kisha akamhakikishia Mtume wake kwamba hakumuacha wala hakumchukia. Tuangalie hapo: usiku nao umeapiwa. Kiza na mwanga vyote viko katika miliki ya Mola mmoja, na kuchelewa kwa asubuhi si dalili ya kuchukiwa.

Mambo matatu ya kukumbuka

Kuanzia aya ya 6 hadi ya 8 Mtume (s.a.w.) anakumbushwa maisha yake. Alikuwa yatima, akapewa makazi. Tunajua kwamba baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake akafariki yeye akiwa na miaka kama 6, na babu yake Abdul-Muttalib akafariki yeye akiwa na miaka kama 8, ndipo akalelewa na ami yake Abu Talib. La pili, alikuwa hajaijua njia, akaongozwa. Wanazuoni wameeleza kwamba maana yake si kuwa aliabudu masanamu, bali alikuwa bado hajakijua Kitabu wala sheria, kama inavyobainishwa pia katika Surat Ash-Shura (42:52). La tatu, alikuwa mhitaji, akatoshelezwa.

Amri tatu za kutekeleza

Sura ingeweza kuishia hapo, na sisi tungeridhika: ulikuwa katika dhiki, umetolewa, alhamdulillah. Lakini zinafuata aya tatu nyingine, na kila moja ni amri. Yatima asionewe. Mwenye kuomba asikaripiwe. Neema ya Mola isimuliwe.

Mwalimu wetu aliandika ubaoni mistari miwili, kumbukumbu tatu juu na amri tatu chini, akatwambia tuunganishe. Uyatima unaungana na yatima. Kuongozwa kunaungana na mwenye kuomba, kwa kuwa wanazuoni wa tafsiri, Ibn Kathir akiwa mmoja wao, wameeleza kwamba anayeomba si mwenye kuomba mali peke yake. Anaingia pia mwenye kuuliza elimu akitafuta uongofu. Na kutoshelezwa kunaungana na kuisimulia neema.

Nilipofika kwenye mstari wa pili kalamu yangu ilisimama. Nilimkumbuka yule kijana na viatu vyake mkononi. Hakuniomba hata shilingi. Aliniomba njia, na njia hiyo mimi nilikuwa naijua kwa sababu niliipita nikiwa nalia. Nami nikamjibu kwa sauti ile ile niliyojibiwa mimi ofisini.

Funzo

Ndugu zangu, dhiki peke yake haimbadilishi mtu kuwa bora. Wapo wanaotoka ndani yake na moyo mgumu kuliko walioingia nao, wakisema moyoni: mimi niliteseka, nawe uteseke. Wapo pia, kama mimi, wasiotaka kukumbushwa, kwa hiyo humkwepa kila anayefanana na jana yao. Sura hii inatufundisha kwamba mja amekua pale dhiki aliyoipitia inapogeuka kuwa wajibu wake kwa aliye ndani yake leo.

Tazama mfano wa Mtume wetu (s.a.w.). Katika hadithi sahihi alieleza kwamba yeye na mlezi wa yatima watakuwa karibu Peponi, akaonyesha vidole vyake viwili. Anayesema hivyo alizaliwa baba yake ameshafariki. Naye Anas bin Malik, aliyemtumikia miaka 10, amesimulia kwamba Mtume hakuwahi kumguna kwa jambo alilolifanya wala aliloliacha. Aliyekulia mikononi mwa watu akawa mpole kwa mtoto aliyekuwa mikononi mwake.

Wala hatuhitaji kuwa na mali. Amri ya pili inaanzia kwenye ulimi: ikiwa huna cha kumpa aliyekujia, basi usimkaripie. Hilo hata mwanafunzi asiye na chakula cha jioni analiweza.

Nilimtafuta yule kijana. Mwenzake wa chumbani akaniambia ameshaondoka kwenda kwao, akanipa namba yake ya simu. Nilimpigia, nikamwomba radhi, nikamtumia barua yangu ya zamani aifuate. Tuliisahihisha pamoja kwa simu, na mwenzake akaipeleka ofisini. Hadi naandika haya jibu halijatoka. Sijui kama atarudi muhula huu, na kama hatarudi, zile siku mbili nilizompotezea nitaulizwa mimi.

Maswali ya halaka

1. Taja dhiki moja ambayo Mwenyezi Mungu amekutoa. Ni nani chuoni hapa aliye ndani yake sasa?
2. Je, kusimulia neema kunatofautianaje na kujisifu? Mnapojibu, angalieni nia ya msimuliaji na faida anayoipata msikilizaji.
3. Wewe uliye katika dhiki leo: ni njia gani unayojifunza sasa ambayo kesho mwingine atakuja kukuuliza?

Tumuombe Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awafungulie riziki wazazi wetu, awarudishe madarasani wenzetu waliokwama, na asizifanye nyoyo zetu kusahau zilikotoka. Amin.

Wallahu a'lam.