Kukabiliana na Mibofyo ya Hila katika Matangazo ya Mtandaoni Yanayolenga Eneo

Lengo la somo

Baada ya somo hili, mfanyabiashara mdogo anayetangaza kupitia huduma ya utafutaji ya Google ataweza kutambua mibofyo isiyo ya wateja, kupunguza hasara na kudai haki yake kwa ushahidi.

Hasara hutokeaje?

Tangazo la aina hii kwa kawaida hulipiwa linapobofywa, si linapoonekana tu. Tuseme fundi wa pampu za maji mjini Mbulu ametenga shilingi 10,000 kwa siku, na kila mbofyo unamgharimu shilingi 500. Fedha hiyo inatosha mibofyo 20. Mshindani akibofya mara 12 asubuhi bila nia ya kununua, na mfumo usiitambue hila hiyo, shilingi 6,000 zimepotea. Mkulima wa Dongobesh au Haydom atakayetafuta fundi jioni huenda asilione tangazo hilo kabisa. Katika jiji, mibofyo 12 ni tone baharini. Katika wilaya yenye watafutaji wachache, ni riziki ya siku nzima.

Chunguza kabla ya kutuhumu

Si kila mbofyo usioleta mteja ni wa hila. Anza kwa kukagua mpangilio wa eneo. Mtangazaji anaweza kuchagua watu waliopo katika eneo lake pekee, au kuwajumuisha pia wanaoonesha kuvutiwa nalo. Fundi wa Mbulu anafaa kuchagua njia ya kwanza. Mwongoza wageni wa Katesh, wilayani Hanang, anahitaji ya pili, kwa kuwa anayepanga kupanda Mlima Hanang mara nyingi bado yuko Arusha, Dar es Salaam au ng'ambo. Kwake, mbofyo wa mbali ndio mteja.

Aidha, eneo linaloandikwa kwenye ripoti ni makadirio. Simu iliyopo Mbulu inaweza kuhesabiwa kuwa ipo mji mwingine kutokana na namna mtandao wa simu unavyopitisha mawasiliano.

Dalili za hila ni hizi: mibofyo kuongezeka ghafla ilhali simu za wateja haziongezeki, mibofyo kurudi saa zilezile kila siku, na wanaofungua tovuti kuondoka papo hapo. Dalili moja haitoshi, tafuta zinazoambatana.

Hatua za kuchukua

1. Fungua safu ya mibofyo batili katika ripoti yako. Google huchuja mibofyo mingi ya namna hiyo bila kuitoza, na inayobainika baadaye inaweza kurejeshwa kama salio.

2. Weka daftari la tarehe, saa, idadi ya mibofyo na simu ulizopokea. Hifadhi pia picha za skrini.

3. Punguza mwanya. Onesha tangazo katika saa unazoweza kupokea simu na katika maeneo unayoweza kuyafikia.

4. Zuia anwani ya intaneti kwa uangalifu. Anwani hizo hupatikana katika kumbukumbu za tovuti yako. Hata hivyo, watumiaji wengi wa mtandao mmoja wa simu huweza kutumia anwani moja kwa pamoja; ukimzuia mhalifu, unaweza kuwafungia mlango wateja wako.

5. Wasilisha malalamiko kwa Google mapema kupitia fomu ya ubora wa mibofyo, ukiambatisha kumbukumbu zako.

6. Ukiwa na ushahidi unaomhusisha mtu, uwasilishe polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua udanganyifu unaotendwa kwa kompyuta. Usilipize kisasi kwa kubofya tangazo la mwenzako.

Tahadhari

Usimpe nywila mtu yeyote anayedai kuwa atakurejeshea fedha za mibofyo. Huyo huenda akawa mwizi wa pili.

Zoezi

Kwa siku saba, gawanya fedha uliyotumia kila siku kwa idadi ya wateja waliokupigia kutokana na tangazo. Je, kila mteja alikugharimu kiasi gani? Kiasi hicho kikipanda ghafla, rejea dalili zilizotajwa hapo juu. Mibofyo peke yake si kipimo cha biashara. Kipimo ni mteja aliyefika.