Mume wangu kanunua FIFA mara mbili, dada yangu asema kuna mwanamke

Shikamoo shangazi,

Niko kwenye ndoa mwaka wa tisa na tumejaaliwa watoto wawili. Mume wangu hanywi, hatafuni miraa, na mshahara wake wa bandarini hufika nyumbani. Ulevi wake ni mmoja tu: FIFA. Oktoba iliyopita alinunua diski ya mchezo huo ya PlayStation 4 iliyoko sebuleni. Sikusema neno, maana hata kijana wetu huucheza.

Mwezi uliopita alikuja na kompyuta ya mkononi, akasema ni ya kazi. Tangu siku hiyo halali. Watoto wakishalala hujifungia chumba cha wageni, hedifoni masikioni, namsikia akicheka na kunong'ona mpaka saa sita, saa saba za usiku. Nikiuliza, jibu ni lile lile: anacheza mpira na mdogo wake aliye Muscat. Wiki jana nilishika simu yake nitafute namba za tokeni za stima, nikakuta ujumbe wa benki. Shilingi elfu tisa na ushei zilikwenda duka la ng'ambo, wiki ile ile tuliyomwomba mwalimu mkuu atuvumilie salio la karo.

Nilipomkabili alisema alinunua FIFA. Shangazi, FIFA si anayo? Diski iko chini ya televisheni, nimeishika kwa mikono yangu! Akasema ile ni ya PlayStation, hii ni ya kompyuta. Kama mchezo ni mmoja, na mdogo wake anao, kwa nini wasicheze kwenye ule uliokwisha kulipiwa? Dada yangu ameniambia hakuna mwanamume anayenunua kitu kimoja mara mbili, na kwamba hizo elfu tisa zina jina la mwanamke. Nishike lipi?

Mke wa Mchezaji, Kisauni

Marahaba mwanangu.

Dada yako mpe salamu, umwambie kuwa wanaume wanaonunua mchezo mmoja mara mbili wamejaa tele, na wapo waliokwisha kuununua mara ya tatu. Barua yako nimeisoma polepole nikitafuta huyo mwanamke, sikumwona. Nilichokiona ni mume aliyekuambia ukweli kuhusu mchezo, akakuficha ukweli kuhusu pesa. Hayo ni mambo mawili, na wewe umeyafunga kitita kimoja. Hebu tuyafungue.

Kwanza, huo mchezo anauita FIFA kwa mazoea tu. Jina hilo liliishia kwenye FIFA 23. Kampuni ya Electronic Arts na shirikisho la soka la FIFA waliachana (naam, hata wao wana talaka zao), na tangu Septemba 2023 mchezo unauzwa kwa jina la EA Sports FC. Kwa hiyo usikague ujumbe wa benki ukitafuta neno FIFA, hutaliona, nawe utazidi kuumia roho bure. Ukiona jina la Steam au la EA, hilo ndilo duka lenyewe. Ukiona jina la hoteli ya Nyali, niandikie tena upesi.

Sasa hilo la diski iliyo chini ya televisheni. Mnunuzi wa mchezo wa video hapati mchezo wenyewe ili aucheze popote apendapo. Anapata ruhusa ya kuucheza kwenye aina moja ya mashine. Ile diski imeandikwa kwa lugha ya PlayStation, na ukiitia kwenye kompyuta haitambuliwi. Halafu kuna biashara yenyewe: Sony ndiye mwenye PlayStation, kampuni ya Valve ya Marekani ndiyo yenye duka la Steam la kompyuta, na kila mmoja hukata fungu lake kwa kila kinachouzwa kwake, kwa kawaida asilimia 30 ya bei. Valve haina haja ya kukupa bure kitu ambacho faida yake ilikwenda kwa Sony. Tiketi yako ya treni ya SGR haikupandishi basi la usiku, hata kama vyote viwili vinakwenda Nairobi.

Malalamiko ya wachezaji kuhusu jambo hili ni ya miaka mingi, na si ya Kisauni peke yake. Huko California wametunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mteja waziwazi pale anapouziwa leseni tu. Steam walianza kuonyesha ilani ya namna hiyo kabla hata ya tarehe hiyo. Sidhani mumeo aliisoma. Nani husoma ilani wakati mdogo wake anamsubiri uwanjani?

Tuje kwenye swali lako zuri, ambalo dada yako hakulijibu: kwa nini ndugu hawa wawili wasicheze kwenye ule mchezo uliokwisha kulipiwa? Tangu FIFA 23 ilipotoka mwaka 2022, watu wenye mashine za kampuni tofauti wanaweza kukutana kwenye mechi moja. Ila wamegawanywa kwa vizazi vya mashine. Wenye PlayStation 5, wenye Xbox Series na wenye kompyuta wako kundi moja. Wenye PlayStation 4 na Xbox One wako kundi lao. Baina ya makundi hayo hakuna njia. Kama mdogo wake anatumia kompyuta, PlayStation 4 ya sebuleni kwako haiwezi kabisa kukutana nayo kule Muscat, hata ndugu wote wawili wawe na mchezo ule ule wa mwaka ule ule, na intaneti iwe kali namna gani.

Umeona sasa? Kile ulichokishika kuwa ushahidi dhidi yake ndicho kinachomtetea. Mwanamume anayetunga uongo angekwambia anacheza na mdogo wake kwenye PlayStation, na hapo mimi ningekuwa wa kwanza kumtilia shaka. Wako amekuja na maelezo yanayoonekana ya kipuuzi, nayo yanalingana na jinsi mchezo unavyofanya kazi. Alikuwa na njia mbili za kumfikia mdogo wake: anunue mashine mpya kama PlayStation 5, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya hizo elfu tisa, au anunue mchezo upya kwenye kompyuta. Alichukua ya pili.

Hata hivyo simvishi kilemba. Elfu tisa na ushei ndiyo bei kamili, karibu dola 70, na mchezo huu bei yake hushuka kwa kishindo kwenye maofa ya mtandaoni, tena mara kadhaa kabla msimu haujaisha. Angevumilia kidogo angelipa pungufu sana. Steam pia hurejesha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, mradi hujacheza kufikia saa 2. Kwa hivyo vicheko ulivyovieleza, saa 2 hizo alizimaliza usiku wa kwanza. Fedha hiyo usiihesabu tena. Kinachoweza kurudisha kidogo ni ile diski. Ya kompyuta imefungwa kwenye akaunti yake na haiuziki, lakini diski ya PlayStation inashikika, inaazimwa na inauzika mjini. Kama kijana wenu hauchezi tena mchezo wenyewe, mtu wa duka la gemu ataichukua.

Kuna jambo moja hukuliandika, pengine hulijui, na mimi ndilo linalonitia wasiwasi kuliko hizo elfu tisa. Muulize mumeo kama anacheza Ultimate Team.

Ultimate Team ni sehemu ya mchezo huo ambamo mtu hujenga kikosi chake kwa kadi za wachezaji. Kadi hupatikana kwa kucheza sana, au kwa kufungua pakiti, na pakiti huweza kufunguliwa kwa pointi zinazonunuliwa kwa pesa halisi. Kabla ya kufungua huchagui utakachopata. Unaweza kulipa ukiwaza Mbappé, ukapewa beki wa akiba usiyemjua. Ubelgiji waliona hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa mwaka 2019 EA wakaacha kuuza pointi hizo nchini humo. Kwetu zinauzwa. Kikosi kilichojengwa PlayStation 4 kingeweza kumfuata mtu akihamia PlayStation 5, lakini kwenda kwenye kompyuta hakivuki, wala pointi hazivuki. Maana yake, kama mumeo alikuwa na kikosi kizuri sebuleni, kwenye kompyuta ameanza na wachezaji ombaomba, na mdogo wake anamfunga mabao kila usiku. Mwanamume aliye katika hali hiyo hushawishika sana kununua pointi. Na ikifika Septemba toleo jipya hutoka, na kila mtu huanza kikosi upya.

Kwa hiyo ukishika simu yake tena, na ningependa uishike akiwa ameketi kando yako, usitafute majina ya wanawake. Angalia kama baada ya zile elfu tisa zimefuata elfu moja moja, elfu mbili mbili. Kama hakuna, mshukuru Mungu na umshukuru naye. Kama zipo, hapo mna shauri la kweli la kuzungumza, nalo dawa yake ni kuiondoa kadi ya benki kwenye akaunti ya mchezo. Ni kazi ya dakika chache. Atasaga meno, atazoea.

Ukiwa hapo, muulize pia akaunti zake zimefunguliwa kwa barua pepe ya nani. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation, ndiyo maana vijana wa madukani huwafungulia wateja akaunti za Uingereza au Marekani. Kama barua pepe na neno la siri ni vya kijana wa dukani, basi vyote alivyonunua mtandaoni ni vya kijana wa dukani. Avibadilishe viwe vyake.

Na ujiandae, mwanangu, kwa sababu kijana wenu naye ameiona kompyuta. Akija na ombi la Minecraft, kwa mfano, ujue kuwa tangu Juni 2022 ukinunua ya kompyuta unapata matoleo mawili kwa bei moja, la Java na la Bedrock, lakini PlayStation haimo katika bei hiyo, inalipiwa peke yake. Ipo michezo yenye huruma zaidi. Microsoft tangu 2016 wana michezo ambayo ukiinunua mara moja unaicheza kwenye Xbox na kwenye kompyuta ya Windows. Ipo pia ya bure kabisa: eFootball, mpira wa kampuni ya Konami, tangu 2021 haununuliwi, uwe na PlayStation, Xbox, kompyuta au simu. Kijana aanzie huo. Swali la kuuliza nyumbani kabla ya shilingi yoyote kutoka ni moja: hao unaotaka kucheza nao wanatumia mashine gani? Mumeo angeuliza swali hilo Oktoba, kabla ya diski, ungekuwa umelala usingizi wako.

Sasa nirudi kwa mumeo mwenyewe, maana najua atasoma, na wewe utahakikisha anasoma.

Baba, mchezo umeununua kihalali na sababu yako ni ya kweli. Kosa lako ni kalenda na mdomo. Wiki ya kumwomba mwalimu mkuu avumilie si wiki ya kulipa bei kamili ya mchezo ambao tayari uko sebuleni kwako, na mkeo hakupaswa kuzijua habari hizo kutoka benki. Kompyuta uliyosema ni ya kazi, ungesema ni ya kazi na mpira, nani angekukatalia? Ulipojifungia chumba cha wageni ukinong'ona, ulimlazimisha mwanamke mwenye akili timamu kufikiri lile ambalo mtu yeyote angelifikiri. Mwombe radhi kwa hilo. Usianze kumweleza habari za vizazi vya mashine kabla hujaomba radhi.

Na wewe, bibi yangu, acha kumvizia mlangoni. Usiku mmoja ingia na chai, chomoa hedifoni, umsalimie shemeji yako. Hakuna njia rahisi ya kumaliza shaka kuliko kusikia sauti ya shemeji ikitoka kwenye kompyuta, ikiuliza watoto hawajambo. Ukitaka, shika padi ujaribu mechi moja. Utafungwa, lakini watakuheshimu.

Kuhusu saa, Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. Saa sita ya usiku ya Kisauni ni saa saba kwa huyo shemeji, basi naye anajiumiza. Mapumziko ya wiki kule ni Ijumaa na Jumamosi, na kwetu ni Jumamosi na Jumapili. Usiku unaowafaa wote wawili bila mtu kwenda kazini macho mekundu ni wa Ijumaa. Wacheze Ijumaa, mlango ukiwa wazi. Salio la karo lilipwe kwanza kutoka kwenye posho yake ya mwezi huu, na toleo la Septemba, likinunuliwa, linunuliwe kwa mashine moja tu, ile iliyo kundi moja na ya mdogo wake, tena baada ya bei kushuka.