Siku ya Mavazi Shuleni Goma: Komite ya Wazazi Iruhusu Nini?

Oktoba inapokaribia kwisha, simu za Goma hupokea picha kutoka kwa ndugu waliohamia Marekani na Kanada. Watoto wao wamevaa mabawa, meno ya bandia na kofia ndefu nyeusi za wachawi, tayari kwa Halloween ya tarehe 31. Mtoto wa hapa akiziona, anataka kujua mbona shule yao haina siku kama hiyo. Swali likifika kwenye komite ya wazazi, yaani COPA, kikao hugawanyika: hawa wanaona mchezo wa watoto, wale wanaona mashetani. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kikao hicho.

Halloween ni mkesha wa Watakatifu Wote. Mila zake zilitoka Ireland na Uskoti, zikapelekwa Marekani na wahamiaji katika karne ya 19. Huko nako hawajakubaliana. Mwaka 2023 shule za South Orange na Maplewood, jimbo la New Jersey, ziliiondoa katika saa za masomo kwa kufikiria watoto ambao dini ya nyumbani hairuhusu, na familia ambazo kununua mavazi ni mzigo. Sababu hizo mbili zina uzito mkubwa zaidi kwetu.

Tazameni shule zetu za umma zilivyo. Tangu mkataba wa 1977 kati ya Serikali na makanisa, nyingi zinasimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti au Wakimbangu, na baadaye Waislamu wakapata zao, huku Serikali ikibaki na jukumu la kulipa walimu. Lakini darasa moja la shule ya Kikatoliki huwa na mtoto wa kanisa la CBCA, Mwadventista, Mwislamu na Shahidi wa Yehova. Katiba ya 2006, ibara ya 45, inakataza kumbagua mtoto shuleni kwa ajili ya dini, na mafundisho ya dini yanatolewa kwa watoto ambao wazazi wao wameyaomba. Sikukuu ya mizimu haiwezi kupata nafasi pana kuliko somo la dini lenyewe. Tena marehemu wetu wana siku yao: tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi, tunapokwenda asubuhi kusafisha makaburi na jioni kula na wazazi walio hai. Kwa hiyo naona Halloween yenyewe haina kazi katika shule ya umma ya Goma. Siku ya kuvaa, kuigiza na kucheza ngoma ni jambo jingine, na watoto wanaihitaji. Lakini kuna mavazi matatu ambayo hapa kwetu si mchezo.

La kwanza ni la mchawi. Mahali pengine kofia nyeusi inavuliwa jioni na habari inakwisha. Hapa jina la mulozi likimshika mtoto halitoki. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2006 kuhusu watoto wa mitaani nchini Kongo ilieleza jinsi wengi walivyofukuzwa nyumbani kwa kushukiwa uchawi, baada ya kupigwa au kunyimwa chakula katika vyumba vya maombi. Na tunawajua wanaoshukiwa: yatima anayelelewa kwa mjomba, mtoto wa mke wa kwanza, anayekojoa kitandani, mwenye kifafa, mwenye ulemavu. Mtoto wa namna hiyo akisimama mbele ya wenzake katika vazi la mchawi, halafu wiki ijayo mtu akaugua nyumbani, picha ile ile ya WhatsApp inageuka ushahidi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemtuhumu mtoto kwa uchawi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya franka 200.000 hadi 1.000.000. Someni kifungu hicho kwa sauti kikaoni. Watoto wakianza kumwita mwenzao mulozi, mwalimu awanyamazishe papo hapo, asiite mtu wa kumwombea, amjulishe mkurugenzi au prefe siku ile ile, na wazazi waitwe. Kama hatari iko nyumbani kwenyewe, atafutwe mtumishi wa mambo ya kijamii kabla mtoto hajarudishwa huko.

La pili ni la askari, pamoja na bunduki za mbao na damu ya rangi. Tangu enzi za kadogo, yaani askari watoto, wa 1996, watoto wa jimbo hili wametiwa silaha mikononi, na mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji wenyewe. Katika kila darasa kuna mtoto aliyeona maiti. Mwenzake akianguka chini kifudifudi amepakwa nyekundu, yeye hawezi kucheka. Zaidi ya hayo, raia kuonekana njiani na sare ya kijeshi ni kujitafutia matatizo, hata kama ni kijana wa sekondari anayetoka kwenye maigizo.

La tatu ni kinyago kinachofunika uso. Mlinzi wa lango lazima amtambue kila anayeingia, na kila mtoto atoke na mtu anayejulikana.

Wengi mtakimbilia siku ya utamaduni, na ni wazo zuri, lakini liangalieni vizuri. Mwalimu akisema kila mtoto avae mavazi ya kabila lake, amewapanga watoto kwa kabila mbele ya umati, katika mji ambamo familia zimekimbia kwa sababu ya kabila. Wengine pia wana baba wa huku na mama wa kule. Afadhali ngoma zifundishwe kwa darasa zima na kila mtoto achague anayoipenda. Amani Festival, iliyoanza Februari 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga hapa Goma, ilionyesha kwamba wachezaji wa jamii mbalimbali wanaweza kushangiliwa na umati mmoja. Kazi za watu pia huleta mavazi mazuri: mvuvi wa sambaza, muuguzi, fundi mwashi, msukuma chukudu, mtaalamu anayepima mlima Nyiragongo.

Kuhusu pesa, msiwe na huruma: mchango wowote ukataliwe. Elimu ya msingi katika shule za umma ni bure kwa mujibu wa Katiba, na tangu Septemba 2019 Serikali imeanza kuitekeleza. Mavazi yatengenezwe darasani kwa katoni, majani ya ndizi na vikwembe vilivyoazimwa nyumbani. Atakayekuja na sare yake ya buluu na nyeupe apewe nafasi sawa jukwaani, bila kuulizwa sababu. Asiyetaka kushiriki apate kazi nyingine, na asipunguziwe alama.

Madarasa mengi ya Goma ni ya mbao, na nailoni hushika moto haraka. Basi mishumaa isiwepo kabisa. Wekeni bidoni za maji karibu. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, msipake dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe kituo cha afya. Uso usipakwe unga mweusi wa betri.

Barua iwafikie wazazi wiki tatu kabla, kwa Kiswahili, ikitaja tarehe, saa za kuanza na kumaliza, mavazi yaliyokatazwa, na kwamba kushiriki si lazima. Iombe pia ruhusa ya picha. Mzazi asipotia sahihi, mtoto wake asipigwe picha. Tarehe nzuri ziko mbili: 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, kama mitihani inaruhusu, au 20 Novemba, Siku ya Mtoto Duniani. Mkichagua Novemba, kumbukeni mvua: anzeni mapema asubuhi, na muwe na darasa kubwa la akiba.