Je, Yai Hutolewa Kama Figo?

Mwaka huu sisi wa Kidato cha Tatu tulifika kwenye mada ya uzazi katika Biolojia, ile mada inayofanya darasa zima linyamaze na wavulana wa nyuma wakohoe bure. Mwenzetu mmoja aliuliza: je, mwanamke mwenye mayai anaweza kumpa asiye nayo, kama mtu anavyompa nduguye figo? Kengele ikalia kabla ya jibu. Basi nimejaribu kulijibu hapa.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na milioni 2. Akifika kubalehe huwa yamebaki kama 300,000 hivi, na yatakayopevuka maishani mwake ni 400 au 500 tu. Ndiyo maana utasikia mtu akisema, "Ana mayai tele huyo, akitoa kumi atapungukiwa na nini?" Hesabu ni sawa, lakini mayai hayachumwi kama maembe. Mtoaji hudungwa sindano za homoni kila siku kwa siku 10 hivi au zaidi ili mayai mengi yapevuke pamoja. Kisha hulazwa usingizi kwa dawa, na daktari huyafyonza kwa sindano ndefu inayopitia ukeni hadi kwenye ovari. Wengi hurudi nyumbani siku iyo hiyo. Wachache ovari zao huvimba kupita kiasi, tumbo likajaa maji, wakalazwa hospitalini. Yai nalo hukutanishwa na mbegu za mume katika maabara, halafu kiinitete huwekwa tumboni mwa mama anayetamani mtoto.

Siku hizi hata mji wa mimba hutolewa. Mwezi Oktoba 2014 ilitangazwa kwamba huko Uswidi mwanamke wa miaka 36, aliyezaliwa bila mji wa mimba, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Aliyempa alikuwa rafiki wa familia mwenye umri wa miaka 61, ambaye hedhi yake ilikuwa imekwisha koma. Uingereza nako, Februari 2025, mama mmoja alijifungua binti kwa kutumia mji wa mimba aliopewa na dada yake. Huo ni upasuaji wa saa nyingi, na mpokeaji hana budi kumeza dawa za kuzuia mwili usikikatae kiungo kigeni mpaka kitolewe baada ya kuzaa.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi naona mji wa mimba ni upasuaji mkubwa lakini swali lake ni jepesi. Anayeutoa anatoa nyumba. Mtoto atakayekaa humo si damu yake. Anafanana na wazazi wake wenyewe. Yai ni sindano tu, lakini swali lake ni zito kuliko la figo, kwani figo huishia kwa aliyepewa. Yai litasimama siku moja na kwenda shule. Litakuwa mtu wa tatu, ambaye hakuwapo wakati wakubwa walipokuwa wakikubaliana.

Nieleze kwa mfano. Iko familia moja ninayoifahamu (msihangaike kukisia, hamtaipata). Mama mmoja humo ameolewa miaka kumi na miwili bila mtoto, na mawifi hawamwiti tena kwa jina, wanamwita tasa. Neno hilo ni baya kuliko tusi. Mwezi wa Desemba jamaa walikutana wakaamua kwamba mpwa wake wa miaka 22 ampe mayai. Walisema mengi juu ya damu kuwa nzito kuliko maji. Msichana akainama, hakusema kitu. Wazee wakasema amekubali. Ati amekubali! Tangu lini msichana akabishana na baraza la wajomba? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka anayetoa aridhie mwenyewe baada ya kuelezwa, na kuinama si kuridhia. Simlaumu yule mama. Machozi yake nimeyaona. Lakini akimzaa mtoto huyo, yule binti atakuwa binamu au mama? Atakapomwona akichapwa, atanyamaza tena?

Wa dini wana majibu yao. Kanisa Katoliki lilikataza jambo hili katika waraka wake wa mwaka 1987, na mufti wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980 akiruhusu mimba ya maabara kati ya mume na mke tu, pasipo mtu wa tatu. Hofu ya fatwa hiyo ni nasaba kuchanganyika, na hata asiye Mwislamu aifikirie: mtoaji mmoja akitoa mara nyingi katika mji mmoja, wanawe wanaweza kukutana chuoni wakapendana.

Wakamba walikuwa na desturi ya iweto. Mwanamke asiyezaa alioa mwanamke mwenziwe ili amzalie watoto. Yapo ya kulaumu katika desturi hiyo, lakini kijiji kizima kilijua nani kamzaa nani, na mtoto pia alijua. Uingereza imefika papo hapo kwa njia ya karatasi: waliojiandikisha kutoa mayai baada ya Aprili 2005 hawawezi kufichwa, mtoto akitimiza miaka 18 anaweza kuuliza jina, na mayai ya mtoaji mmoja hayapewi zaidi ya familia 10. Kenya iliridhia mwaka 1990 Mkataba wa Haki za Mtoto, unaosema mtoto ana haki, kadiri iwezekanavyo, ya kuwajua wazazi wake.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzetu ni ndiyo, anaweza kumpa, lakini si kama figo. Jina la mtoaji liandikwe mahali mtoto atakapolipata akiwa mkubwa. Na kabla ya sindano ya kwanza, msichana aulizwe akiwa peke yake, mlango umefungwa, wajomba wakiwa nje, na anayemuuliza asiwe daktari yule anayelipwa na wanaongoja mtoto. Akisema hataki, daktari atoke awaambie jamaa kwamba mayai yake hayafai, basi, wala wasiambiwe zaidi.