Watu Wengi na Mlango Mwembamba

Siku kuu huko Manika, katika mji wa Kolwezi, huonekana tangu alfajiri. Njia zinajaa watu. Baba wamevaa makoti safi, mama wamefunga watoto mgongoni kwa vitambaa vipya. Huenda ni Misa ya Askofu, huenda ni mchezo wa mpira, huenda ni siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, tarehe 4 ya mwezi wa kumi na mbili. Kukusanyika kwa furaha ni jambo jema. Lakini watu wengi wakikutana mahali pamoja, lazima wawepo walinzi wenye akili na watu wenye adabu.

Hatari inatoka wapi?

Karibu na Kolwezi, mto Lualaba umezuiwa na bwawa la Nzilo. Maji yakiwa ziwani yametulia. Maji hayo hayo yakiingia katika mabomba, yanasukuma kwa nguvu hata kuzungusha mashini za umeme. Watu nao ni vivyo hivyo. Uwanjani wametulia, mlangoni wanasukumana. Aliye nyuma haoni mbele, kwa hiyo anasukuma kidogo. Jirani yake naye anasukuma kidogo. Misukumo midogo ya watu mia inakutana juu ya mtu mmoja aliye mbele. Kifua chake kinabanwa, hawezi kuvuta pumzi, naye aweza kufa angali amesimama. Wale waliomsukuma hawakumchukia, hawakumwona tu.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani. Achore sakafuni kwa chaki mraba wa meta 1 kila upande. Wanafunzi wawili wakisimama ndani yake, wanageuka wapendavyo. Wakiwa wanne, wanagusana mabega. Hapo mwalimu akomeshe. Katika mkutano mkubwa, watu wakifika watano au sita katika nafasi kama hiyo, hakuna tena anayekwenda apendako. Umati ndio unaomchukua.

Mambo yaliyotokea

Tarehe 4, mwezi wa tano, mwaka 1980, Papa Yohane Paulo wa Pili alisoma Misa Kinshasa. Watu walikuja kwa maelfu mengi, kwa sababu hakuna Papa aliyepata kufika katika nchi yao kabla ya hapo. Misa ilikuwa haijaanza bado, umati ukasukumana kuingia. Watu 9 wakafa, wanawake na watoto. Walikuwa wamekuja kusali.

Tarehe 29, mwezi wa kumi, mwaka 2022, katika Kinshasa hiyo hiyo, watu walikwenda kusikiliza muziki katika uwanja wa Stade des Martyrs. Uwanja ukajaa kupita kiasi, na watu 11 wakafa. Wawili kati yao walikuwa polisi waliokuwa kazini. Basi mlinzi naye ana mwili na pumzi kama wengine.

Hata katika jimbo la Lualaba watu wameonja uchungu huo. Tarehe 15, mwezi wa kumi na moja, mwaka 2025, huko Kalando, wachimbaji waliingiwa na hofu wakakimbilia daraja moja wote pamoja. Daraja likaanguka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa siku kuu, lakini sababu ni ile ile: watu wengi, njia nyembamba, na haraka.

Tena kuna mfano mwema. Tarehe 1, mwezi wa pili, mwaka 2023, Papa Fransisko alisoma Misa katika uwanja wa ndege wa Ndolo, Kinshasa. Walihesabiwa watu zaidi ya milioni 1, na wengi walikuja tangu usiku. Mahali palikuwa papana, na Misa ikaisha kwa amani.

Kazi ya wanaotengeneza siku kuu

Wahesabu nafasi kwanza, wasiwaalike watu kupita nafasi hiyo. Wafungue milango mingi, mipana, tena mapema. Mlango wa kutokea usifungwe kwa kufuli kamwe. Waache njia wazi kwa motokari ya wagonjwa. Fundi apime nguzo za jukwaa na nyaya za umeme kabla watu hawajafika. Polisi, maskuti na watu wa Msalaba Mwekundu wapewe maji, kivuli na wenzao wa kuwapokea, kwa maana mlinzi aliyechoka hawezi kulinda.

Kazi ya kila mtu

Mtoto amshike mkono mkubwa wake, nao wapatane mahali pa kukutana wakipoteana. Akiingia, atazame milango mingine iko wapi. Akibanwa, asishindane na umati: aweke mikono mbele ya kifua apate kupumua, ajisogeze polepole kuelekea pembeni. Kiatu kikianguka, akiache. Mtu akianguka, walio karibu wamwinue upesi. Mwisho wa sherehe, asiye na haraka angoje walio mbele watoke.

Haraka haraka haina baraka. Mkristo anayesimama nyuma, akajizuia kusukuma, amemtendea mema jirani asiyemjua wala kumwona. Huo nao ni upendo.

Maswali

1. Kwa nini maji ya bomba yana nguvu kupita maji ya ziwani?
2. Nani anasukuma bila kujua? Kwa nini hajui?
3. Ni nini kilikuwa sawa huko Kinshasa mwaka 1980 na huko Kalando mwaka 2025?
4. Kwa nini mlinzi naye apewe maji na pumziko?
5. Hesabu milango ya kanisa lenu. Siku ya Paska, watu wote wakitoka pamoja, mahali gani patakuwa pembamba?